Zamu ya Nafula Langoni

Jumapili. Baridi ya Julai, manyunyu tangu alfajiri, na jua halijaonyesha uso.

Jana walimzika Nafula kwao Bungoma. Sikwenda.

Niliwaambia watu ni magoti. Magoti yananiuma kweli, lakini mwezi jana yalinipeleka harusini Nyeri na kunirudisha salama. Hapa afadhali niseme ukweli, nisiendelee kuyasingizia. Sikwenda kwa sababu ya mambo ya langoni, miaka ile tulipokuwa vibarua. Hayo sijawahi kumwambia mtu, hata marehemu mume wangu.

Tulikuwa watatu, Nafula, Akinyi na mimi, na vyumba vyetu vilipakana pale mtaani Mbotela. Kila asubuhi tulivuka reli tukaingia Industrial Area, tukasimama mbele ya lango la kiwanda kimoja cha kahawa pamoja na wanawake wengine wengi. Kazi ilikuwa kukaa kwenye mkanda wa mashine kuchambua punje mbovu. Nyapara alitoka, akawatazama waliokuwa mbele, akanyoosha kidole: wewe, wewe na wewe. Waliobaki walirudi nyumbani na njaa yao. Kwa hiyo ilikuwa kusukumana, viwiko na matusi, na sote tulikuwa tumetoka kusali.

Nafula ndiye aliyetutoa kwenye vita hivyo. Alikuwa na kitabu chembamba alichoachiwa na kaka yake aliyesoma chuo, kitabu cha mambo ya ukomunisti, kimeshikwashikwa hadi kurasa zikawa laini kama kitambaa. Enzi zile kukutwa nacho ilikuwa balaa. Alikifunga ndani ya leso, akakiweka chini ya nguo zake za kanisani. Jumapili baada ya ibada tulijifungia chumbani mwake, yeye akisoma na kutufafanulia, sisi tukichambua maharagwe na kubisha.

Mimi nilibisha kuliko wote. Nilizoea kumwambia kwamba mwenye kiwanda alijenga, sisi hatukujenga, basi yaishe.

"Wanjiru, si mama yako ako na kahawa huko Murang'a?" aliniuliza siku moja. "Anapanda, anapalilia, anachuma. Wewe unakuja kuichambua hapa. Sasa inakuwaje mwisho ni ya mtu hajawahi hata kuishika?"

Wiki nzima nilikaa mkandani nikizitazama zile punje na kujiuliza ni zipi zilipita mikononi mwa mama.

Lakini kilichonishika zaidi si habari ya mali, ni habari ya moyo wa mtu. Nafula alisema mtu hazaliwi mchoyo. Jinsi anavyolazimika kutafuta chakula ndiyo inayomfinyanga. Waweke wanawake wengi mbele ya lango moja na kazi ya wachache, watararuana, kisha mwenye lango atasema wanawake wana roho mbaya. Akinyi akauliza kama mvivu naye atapewa chakula katika dunia hiyo. Nafula akacheka na kusema mvivu anayemjua yeye ana gari na dereva.

"Na mtu akiwa mchoyo tu," nikasema, "bila kusukumwa na lango lolote?"

Alifunga kitabu. "Huyo bado sijamwona. Tuondoe lango kwanza, ndiyo tumwone."

Lango hatukuweza kuliondoa. Tulichoweza ni kupanga zamu. Nafula alitaka tuanze na sisi hao hao watatu: mwenye nguvu asiitumie kumpita mwenye njaa. Kila jioni tuliulizana kupitia ukutani, "Sufuria inasemaje?" Kama kulikuwa na kitu cha kupika, ulijibu, "Inaongea." Kama hakuna, ulisema, "Imenyamaza." Kesho yake ambaye sufuria yake imenyamaza alitangulia mbele, na sisi wengine tukamkinga kwa migongo yetu asisukumwe. Hakuna aliyefungua sufuria ya mwenzake kuhakikisha. Neno lako lilitosha.

Nisidanganye, nilikuwa na furaha wakati ule. Mara ya kwanza kusimama nyuma kwa hiari na kumwona Akinyi akiingia, mtoto wake wa mgongoni amemwachia Nafula, nilirudi Mbotela bila kazi na bado nikaimba njiani. Watu walidhani nimepata.

Kisha nikasikia nyapara ataandika watu watatu kazi ya kudumu. Mwanamke mmoja wa ofisini alininong'oneza kwamba atachagua wale atakaowaona mbele siku tatu za mwanzo wa wiki. Sikuwaambia wenzangu. Jumamosi yake mama alikuwa amenitumia kiondo cha unga, maharagwe na viazi vitamu, nacho nilikisukuma nyuma ya kitanda.

Jumapili jioni Nafula aliuliza, "Wanjiru, sufuria inasemaje?"

"Imenyamaza," nikasema.

Jumatatu nilisema hivyo hivyo, na Jumanne. Siku zote tatu nilitangulia mbele, nao wakanikinga. Nilikuwa nikipika usiku wa manane wao wakiwa wamelala, harufu isije ikanisaliti. Jioni niliporudi kutoka kazini nilikula viazi baridi gizani kama mwizi. Ijumaa nikaandikwa.

Nafula alinikumbatia. Alikuwa amekonda, nami nilihisi mifupa ya mabega yake, nikajiambia ni mwili wake tu.

Baada ya hapo niliingilia mlango wa pembeni, wa walioandikwa. Kitabu sikukigusa tena, kila Jumapili nikapata kisingizio. Kazi hiyo ilisomesha watoto wangu wanne, na leo nina paa langu mwenyewe. Nafula alibaki langoni miaka mingine miwili, kisha akarudi kwao kulima na kulea watoto wa dada yake. Siku ya kuondoka alikuja kuniaga na kuniuliza kama zamani sufuria inasemaje. Nikamwambia inaongea. Akasema, "Nafurahi," na uso wake ulikuwa umefurahi kweli.

Miaka yote hii nimejitetea kwa maneno yake mwenyewe. Nilikuwa nikijiambia: si mimi, ni lango. Njaa na hofu ndivyo vilivyonifinyanga, kitabu chenyewe kinasema. Niliogopa kuzeekea pale nje nikingojea kidole cha mtu. Ni utetezi mzuri, na sehemu yake ni kweli.

Ila Nafula naye alisimama mbele ya lango lile lile.

Asubuhi hii Akinyi amenipigia simu, amerudi kutoka mazishini. Nilijua atanilaumu, nami nikaanza habari ya magoti. Akanikatiza.

"Wacha magoti, dadangu. Nafula alijua."

Nikauliza alijua nini, kana kwamba sielewi.

"Ile Jumatatu mvua ilinyesha, akakuanulia nguo, akaziingiza chumbani kwako. Akaona kiondo. Mimi nilitaka nije nikuumbue mbele ya watu, na yeye hata chai ya strungi alikuwa anakunywa bila sukari. Akanikataza. Akasema, tukianza kukaguana sufuria, sisi tumekuwa nyapara. Akasema labda uko na haja huwezi kuitaja."

Akinyi akaniambia kwa upole kwamba watoto wa dada yake Nafula waliuliza kama yule Wanjiru wa kahawa atakuja. Inaonekana aliwasimulia habari zangu, zile nzuri tu.

Nimekaa hapa tangu hapo, chai imepoa mara mbili. Nimelia, na ni kilio kibaya kwa sababu hakinipunguzii chochote. Najiuliza haja yangu ilikuwa ipi. Nilitaka kuandikwa. Akinyi pia alitaka, na Nafula pia. Yeye alikuwa na njaa siku tatu, akijua, na bado alinikinga kwa mgongo wake nisisukumwe. Tena aliniuliza swali lile jioni mbili zaidi, akiwa ameshaona kiondo. Sasa naona alikuwa akinipa nafasi ya kujibu vingine.

Kama maisha ndiyo yanayomfinyanga mtu, yeye alifinyangwa na nini? Hili ningependa kumuuliza, Jumapili moja tu, maharagwe mapajani.

Nimempigia Akinyi tena, nimemwomba tupande basi pamoja kesho asubuhi twende Bungoma. Magoti yatavumilia. Watoto wa dada yake Nafula watakuwepo, na wakinikaribisha kama yule Wanjiru wa kahawa, nitawaambia kwanza nilichofanya, kisha wanionyeshe kaburi.

Huko nitajibu lile swali upya. Nafula, ilikuwa inaongea. Siku zote tatu ilikuwa inaongea.