Kwa Yaya Feza, Aliyejua Mama Anaficha Wapi

Yaya wangu Feza, dada yangu mkubwa,

Hujambo huko Kalima? Shemeji mgongo wake umepona, au bado anashuka shimoni, kule mgodini, hivyo hivyo? Watoto wanakula vizuri? Mimi mwili ni mzima, hata nimenenepa, maana baridi ya huku Ubelgiji inamfanya mtu ale bila njaa. Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu tangu uondoke Kindu simu zangu huzipokei, na una haki.

Hata kuanza tu naona haya. Karatasi mbili nimeshazichana.

Unakumbuka Mama aliponipigia akilia kwamba karte yake ya kura, miwani na vikwembe vyake vya kujifunga vinapotea, kisha wewe unavitoa mahali pasipoeleweka: ndani ya mfuko wa makaa, au chini ya ndoo ya muhogo uliolowekwa. Nikajiona mwenye akili. Nikamwomba Baba Mudogo aite watu wa familia nyumbani kwa Mama, mtaa wa Alunguli, aweke simu mezani wote wasikie, halafu nikasema: "Muntu mwenye anaviona kila siku, njo yeye mwenye anavificha. Feza ni mwizi." Ulijibu neno moja tu, "Haya." Siku ya pili ulifunga mizigo ukamfuata mume wako Kalima. Miaka yote ile ya kumwogesha Mama, na shukrani yangu ikawa hiyo.

Sasa sikia kilichonipata. Katika nyumba ya wazee ninayofanya kazi, vitu wanavyovipoteza mara kwa mara tunavifunga kidude kidogo kama kifungo cha koti. Ukibonyeza kingine ulicho nacho mkononi, kile kinalia pi-pi-pi mpaka ukione. Kuna bibi mmoja, zamani mwalimu, mimi ndiye ninamvalisha viatu kila asubuhi. Siku hiyo pochi yake haikuonekana, akaninyooshea kidole mbele ya wenzangu wote: ni huyu. Shefu wetu wa kazi akaniambia nitoe kila kitu mfukoni. Nikatoa leso, kitana, nusu ya mkate wangu. Ndipo mwenzangu mmoja akakumbuka kubonyeza, na pochi ikalia ndani ya mto wa yule bibi, alikoitia mwenyewe. Watu wakacheka, kazi ikaendelea. Mimi nilikwenda chooni kulia, wala si kwa sababu ya pochi. Nilikuwa nakuona wewe, umekaa mbele ya ile simu.

Hapo nikakumbuka vita. Wewe ulikuwa na miaka kumi na miwili, mimi sita. Kila askari walipoingia mtaani, wa upande wowote, Mama alificha chumvi, radio ya Baba na vikwembe vya ndoa yake, na wewe peke yako alikuonyesha wapi. Mimi alinikatalia kwa sababu nilikuwa mropokaji. Kwenye ndoo ya muhogo hakuna askari aliyetia mkono, kwa ile harufu. Basi Mama hakuibiwa kitu, Yaya. Akili yake imerudi kule, anawaficha vitu askari ambao hawapo tena. Nawe ulijua pa kutafuta kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyekufundisha.

Ilinipasa kukuomba msamaha siku hiyo hiyo. Sikukuomba. Niliona aibu, nikafanya ujanja: nikanunua vile vidude, nikampa mtu wa Kasuku, mtaa mwingine wa Kindu, aliyekuwa anarudi nyumbani, nikajiambia vikishafanya kazi jambo litaisha lenyewe na sitalazimika kusema neno. Mama Mudogo, ambaye sasa ndiye anakaa na Mama, akafunga kimoja kwenye funguo. Zilipopotea, akabonyeza. Zikalia kutoka kwenye mfuko wa makaa. Mama akajitupa juu ya ule mfuko, akaukumbatia ili aizimishe sauti kwa tumbo lake, akisema: "Nyamazisha, batasikia! Nani alibaambia fasi tumeficha?"

Alijikojolea, Yaya. Mama yetu, ambaye hata vitani hatukumwona akitetemeka. Kwake kitu kilichofichwa kikilia, watu watakufa, na mimi ndiye niliyekipa sauti. Nimesema vidude vyote vitupwe.

Tangu siku hiyo anauliza, "Feza iko wapi? Njo yeye anajua." Mama Mudogo anamdanganya kwamba umeenda sokoni.

Sikuandikii ili urudi. Ukibaki Kalima hakuna wa kukulaumu, na akijitokeza atakutana na mimi. Nakuandikia kwa sababu nilikuita mwizi na wewe si mwizi. Mwizi ni mimi, niliyekunyang'anya jina lako nyumbani kwako. Nisamehe, kama unaweza.

Mpe pole shemeji kwa mgongo wake, na watoto waambie mama yao mdogo wa Ulaya anawakumbuka. Mama Mudogo nimemsalimia kwa simu. Baba Mudogo nimemtumia barua hii hii, neno kwa neno. Jumapili baada ya ibada atawaita wale wale walionisikia siku ile, awasomee kwa sauti, ufike au usifike. Aliniambia, "Mutoto, utajiharibia jina mbele ya bantu." Nimemwomba asiruke hata mstari mmoja.

Mdogo wako,
Mwayuma