Mwalimu Auleria Amepata Chumba

Temeke, Dar es Salaam
11 Julai, 1954

Kwa mjukuu wangu Polikarpo, mume wangu wa stesheni,

Pokea salamu zangu nyingi. Hujambo huko Morogoro? Kifua kimepoa, au bado unajifanya kijana, unatoka alfajiri bila sweta? Mie sijambo. Magoti yananiuma lakini yananifikisha ninakotaka, na ulimi hauna ugonjwa wowote, utaona mwenyewe. Dada yako Sesilia ni mzima. Naandika kwa darasa zangu mbili za misheni, kwa hiyo mistari ikipanda na kushuka, ifuate hivyo hivyo.

Baada ya hayo, nina habari ya shule. Usikunje uso. Nyie wenye kazi mkisikia shule mnadhani mnaombwa mchango. Sikuombi.

Mwalimu wa darasa la wasichana, anamosoma Sesilia, alimfuata mumewe Lindi baada ya Pasaka. Wasichana wakabaki kufagia uwanja na kuteka maji. Namwuliza dada yako leo umesoma nini, ananijibu amesoma ufagio. Mwezi wa sita serikali ikaleta mwalimu mpya, msichana wa Kihaya kutoka Bukoba, jina lake Auleria. Ana adabu, anakusalimu kwa kupiga goti, lakini akisimama mbele ya ubao hata mie ningefunga mdomo.

Tabu ikawa pa kulala. Nyumba ya mwalimu pale shuleni ni moja, anakaa mwalimu mkuu, Mwalimu Gaspar, na mkewe na watoto tele. Auleria akawa analala stoo pamoja na majembe. Akitafuta chumba cha kupanga, kila mwenye nyumba anamtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. Msichana hana mume, hana kaka, anataka kupanga peke yake! Mmoja alimwambia wake zake hawatapata usingizi. Mwingine alimwuliza wageni wake watakuwa wakija saa ngapi. Mtoto wa watu akalia, akamwambia Mwalimu Gaspar afadhali arudi kwao.

Mwalimu Gaspar akatuita wazazi. Akatuambia Auleria akiondoka hakuna mwingine, darasa la wasichana litafungwa. Unajua wanaume walisema nini? Leonardi, yule seremala mwenye vyumba sita, alisimama na kofia yake akasema shule ni ya serikali, mwalimu ni wa serikali, basi serikali imtafutie pa kulala. Wakampigia makofi! Nikasimama. Nikawauliza na hawa watoto je, wamezaliwa na serikali? Nikamwambia Leonardi binti yake Margareta yumo darasa hilo hilo, amtazame usoni akamwambie baba yako ana vyumba sita ila wewe baki nyumbani. Wanawake wakacheka. Leonardi akawaka, akasema, “Bibi, kama unamwona malaika, si umchukue wewe?” Nikasema namchukua. Nilisema kwa hasira kabla sijafikiri, na mie nikishasema mbele za watu sirudi nyuma. Unanijua.

Tangu siku ile watu wamechangamka. Jirani yetu Adelina alileta mkeka na ndoo ya mwalimu. Leonardi ameutengeneza mlango wa darasa uliokuwa unaning'inia, na mabenchi pia. Anasema si kwa aibu. Mie nimemwambia haya, si kwa aibu, pigilia misumari. Kina mama tunapokezana kuteka maji ya shule ili wasichana wakae darasani. Sasa nikimenya muhogo Sesilia ananisomea gazeti, nikisinzia ananiamsha.

Sasa nakuja kwenye lako, na usome ukiwa umekaa. Nyumba yetu ina vyumba viwili. Kimoja nalala mie na Sesilia. Kingine ni chako, nacho ndicho nilichompa mwalimu. Kitanda chako analalia yeye. Suruali zako nimezifungia sandukuni na majani ya mwarobaini, na santuri yako haigusi mtu. Hilo najua ulishalikisia. Lililobaki ni zito zaidi. Baba yake aliandika kutoka Bukoba kwamba bintiye akae nyumba asimolala mwanamume, la sivyo anakuja kumchukua. Mwalimu Gaspar akaniuliza, nami nikaapa kwa Bikira Maria kwamba humu halali mwanamume.

Sasa wewe umeniandikia unakuja likizo mwezi wa nane. Nyumba umeijenga wewe kwa jasho lako, na humu hulali. Nimezungumza na Leonardi, atakulaza kwake, na ole wake akutoze. Utakuja kula hapa, utakaa barazani, jua likizama uende zako. Ukitaka kukasirika, kasirika huko huko Morogoro, ukifika hapa uwe umeshamaliza.

Wala usije na wazo la kumposa. Ni mzuri, nakwambia mapema usije ukashtuka. Ukimwoa atakufuata stesheni, na sie tutaanza upya. Mwache kwanza amalize na hawa watoto.

Na moja la mwisho. Auleria hajui kwamba chumba kina mwenyewe. Nilimwambia mjukuu wangu amejenga huko Morogoro, chumba hiki kimekaa bure. Akijua amemtoa mwenye nyumba, kwa adabu zile atafunga mizigo siku hiyo hiyo. Sesilia na jirani zetu nimewakanya, wanajua kunyamaza. Aliyebaki ni wewe. Basi ukifika mlangoni usiingie kama ulivyozoea. Simama nje, piga hodi, ungoje ukaribishwe.

Sesilia anakusalimu, Adelina anakusalimu, Leonardi naye kasema nikusalimu. Mungu akulinde na baridi ya huko. Vaa sweta.

Ni mie bibi yako,
Filomena