Majina Kwenye Makopo ya Rangi

Mdogo wangu mpenzi,

Sisi hatujambo. Mama anakusalimu, goti limepunguza kumsumbua. Wanafunzi wangu siku hizi wanachora picha zisizo na mtu wala kitu, rangi tupu na mpangilio wake.

Juzi niliinua karatasi nikawaambia, "Oneni nyekundu hii inavyovuta jicho." Msichana wa mbele akasema taratibu, "Mwalimu, hiyo ni kijani."

Nilijichekesha, lakini daktari alishaniambia: macho yangu yanapoteza rangi, na hazitarudi tena.

Leo nimekuta kila kopo limeandikwa jina la rangi yake, kwa mwandiko wa yule msichana. Nimefundisha mpaka kengele, kisha nikajifungia stoo nikalia.

Mama usimwambie.

Ni mimi, dada yako.