Mrija Niliomnyima Elias

Mjukuu wangu Aline,

Huku Bwiza tu wazima, ila miguu yangu imegoma. Shangazi yako anakusalimu.

Unauliza kuilaumu serikali ya Israeli hugeuka lini kuwa chuki kwa Wayahudi. Nikiwa mwalimu kijana niliilaumu kwa vita vyake, na ningeilaumu tena. Jioni moja, tukizungumzia vita hivyo, mimi na wenzangu tuliketi kuzunguka chungu cha pombe ya mtama, kila mtu na mrija wake wa kunywea. Mwenzetu Elias, Myahudi, akaomba mrija. Nikamnyima, na kwetu kumnyima mtu mrija ni kumfukuza.

“Mwalimu, unanyima nani? Mi, ama waziri wao?”

“Nyinyi wote si ni wamoja?”

Wenzangu wakacheka. Elias akaondoka.

Nilivuka mpaka kwa neno lipi, bado sielewi. Sikumwomba msamaha, na ameshakufa. Nakiri kwako kabla sijamfuata: Elias aliilaumu serikali ile kuliko mimi, nami nilijua.

Babu yako