Hitma ya Hamadi na Kiota cha Shore

Kiembe Samaki, Alhamisi. Mawingu tangu asubuhi, mvua imetishia tu ikaenda zake. Nyumba imerudi kimya, na mimi nimechoka kuliko siku aliyozikwa.

Leo tumemsomea mume wangu Hamadi hitma ya arobaini. Watu wamejaa, pilau limetosha, dua imesomwa vizuri. Ningeandika hayo nikalale. Lakini moyo hautaki, unataka niandike habari ya ndege.

Majirani walimwita Hamadi askari wa kunguru. Kwetu hakuna aliyethubutu kutupa nje hata tumbo la dagaa. Alilichimbia mwenyewe, mimi nikimnunia kwa kunicheleweshea chakula. Kunguru hawa si wa asili yetu. Inasemwa waliletwa kwa meli zamani waje wale taka, na taka hatujaacha kuwapa. Vichaka vya huku vyote vimekuwa nyumba, ndege wadogo wamebaki kwenye miti ya uani, na kunguru anawafuata humo humo, anakula mayai na makinda. "Kisiwa chenyewe ndo hiki," Hamadi alizoea kuniambia. "Shore akifukuzwa hapa aende wapi, baharini?"

Tulipooana uani palikuwa na ndege wa kila aina, chozi, mnana na tetere. Mwaka huu nimeona shore tu.

Wawili, vichwa vyeusi na manjano chini ya mkia. Walijenga kwenye mkomamanga wa dirishani kwangu baada ya Hamadi kufa, hakukiona kiota kile. Nimo edani, sitoki, basi nimekuwa nikikitazama kwa niaba yake. Makinda walipoanguliwa nililia kwa furaha, kisha nikaona aibu kufurahi.

Wifi yangu Zuhura, dada yake Hamadi, amekuja kutoka Jang'ombe kwa ajili ya hitma. Watu walipokwisha kula aliingia chumba cha wanawake, akaniinamia sikioni. "Wifi, nshawamwagia ndege ukoko wa pilau pale ukutani. Kaka akiwapenda. Iwe sadaka yake."

Niliinuka nikaenda dirishani. Ukuta ulikuwa mweusi kwa kunguru. Walimaliza wali kwanza, halafu mmoja akarukia mkomamanga. Kinda aliinua mdomo, nadhani alifikiri analetewa chakula. Nilipiga dirisha, nikapiga tena, hawakujali. Uani wapishi, wote wanaume, walikuwa wakiosha masufuria na kupiga soga. Nilishika komeo la mlango. Mjane wa eda, atoke mbele ya wanaume, siku ya arobaini ya mumewe.

Sikufungua.

Wale shore wawili walilia mpaka Alasiri, wakirudi kwenye kiota kitupu na kuondoka. Sasa hata wao siwasikii. Nimemlilia Hamadi leo kama ndiyo kwanza naletewa habari.

Baada ya Magharibi Zuhura alikuja kukaa nami kitandani.

"Walikuja wengi wale ndege, wifi?"

"Walikuja wengi," nikamjibu.

Akatabasamu. Tangu msiba nilikuwa sijamwona akitabasamu, macho yake muda wote yamevimba. Akaniambia leo ndiyo mara ya kwanza amehisi kaka yake amepata kitu kutoka kwake.

Amekwenda jikoni kufunika sinia la wali uliobaki. Anasema ni wa ndege, wa kesho asubuhi.

Namwambiaje?