Folda ya Mama Kiherehere

Ghorofa ya tatu,
Jumapili, baada ya chai.

Kwa baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na miwani ikiwa puani, si juu ya kichwa unakoisahau kila siku ukaitafuta nyumba nzima. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio una neno. Najua utacheka kuletewa barua na mtu anayekaa juu ya dari yako, tena imepitishwa chini ya mlango bila stempu. Lakini wewe uliyepanga barua za watu posta miaka thelathini na moja ndiye uliyenifundisha kwamba jambo likishindwa kutoka mdomoni, lipewe karatasi.

Jana nilikuambia nimeshuka kuisafisha kompyuta yako kwa sababu imekuwa nzito. Haikuwa nzito. Juzi jirani yetu mshonaji, yule ambaye hunyamaza tu akiwa na pini mdomoni, alipanda kwangu akinong'ona. Amenunua kompyuta ya mtumba ya kuchorea mitindo yake, akaiunga kwenye waifai yako, maana neno lako la siri umewagawia majirani wote kama maji ya kunywa. Ilipowaka ikamwonyesha kompyuta nyingine humu jengoni, yako, na ndani yake folda iliyoandikwa "Mama Kiherehere". Aliapa kwamba alisoma mstari mmoja tu, akafunga, akashindwa kushona hadi jioni. Hakujua kwamba unamwandikia marehemu mama kila asubuhi.

Namwamini, lakini si kila jirani ni yeye. Ndiyo maana jana, huku umenikalia ubavuni na kikombe chako na maswali yako, nilizima ule mpango wa kushiriki mafaili na kompyuta nyingine. Nikazima na wa printa, ingawa printa yenyewe ilikufa zamani, siku hizi ni meza ya redio. Nikaizuia kompyuta isijitangaze kwa wenzake kwenye mtandao, nikaondoa ruhusa ya kuendeshwa kutoka mbali, nikabadilisha neno la siri na kuwawekea majirani njia yao ya wageni. Ulisema ni kama kufunga madirisha ya vyumba asimolala mtu, nikakubali. Ukauliza ni nani aliyeyaacha wazi. Nikajibu kwamba mashine hizi hutoka dukani hivyohivyo.

Baba, nilikudanganya. Niliyafungua mimi. Miaka miwili iliyopita nilitaka kuchapisha kazi zangu kwa printa yako bila kushuka ngazi, na kwa uvivu wangu nikaiacha kompyuta nzima wazi, bila hata neno la siri. Printa ilipokufa nilipaswa kufunga. Sikufunga, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuiona ile folda. Siku ya kwanza nilijiambia nachungulia tu. Tangu hapo nimesoma kila asubuhi.

Unakumbuka nilivyokuletea mkongojo kabla hujasema goti linauma? Na nilivyoanza ghafla kuja kula mchana kwako? Ulikuwa umemwandikia mama kwamba siku hizi unakula umesimama, kwa sababu ukikaa unakiona kiti chake. Nililia, nikabeba sufuria nikashuka. Nawe ukawatambia watu wote wa ngazi hii kwamba damu ni nzito kuliko maji, mwanangu hunijua bila kuambiwa. Kila ukisema hivyo nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mtoto wa mtu ambaye hakuwahi kusoma hata kadi ya posta isiyo yake, nimekuwa msomaji wa barua za baba yangu. Naomba unisamehe.

Sina utetezi ila huu mdogo. Kila nikikuuliza hujambo, unajibu sijambo. Hata ile homa iliyokugonganisha meno, ulinijibu sijambo. Ukweli ulikuwa unampa mama peke yake, nami nikaona wivu.

Sasa nimefunga kila kitu, hata kijia kimoja nilichojiachia jana mimi peke yangu. Lakini leo alfajiri, kabla sijakifunga, nilisoma mara ya mwisho. Umemwambia kifua kinakubana ukifika kidato cha sita cha ngazi, na kwamba mtoto asijue. Mtoto amejua, baba. Ukimaliza kusoma hapa, gonga dari kwa ufagio kama kawaida yako. Nimeshavaa viatu, na teksi iko mlangoni kutupeleka hospitali. Nigombeze njia nzima ukitaka, nitanyamaza. Ila nikikuuliza hujambo, tafadhali usinijibu sijambo.

Nisalimie sana mama utakapomwandikia. Mwambie lolote utakalo juu yangu, sitaliona.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Kiherehere