Kwa Tata, Uliyeoga Mali Ikiwa Imeonekana

Mpendwa Tata, baba yangu,

Watu hapa Tarime bado wanakucheka, miaka yote hii tangu ututoke. Wanasema Mwita aliosha utajiri wake kwa beseni. Nimeamua nikuandikie hadharani, ili wanaocheka wacheke huku wakijua wanachokicheka.

Unakikumbuka kijiji chetu cha Nyangoto wakati ule? Kila mwenye sururu alikuwa anaota dhahabu. Wewe na Marwa na wenzenu mlikuwa na duara lenu, shimo refu la kushuka kwa kamba, na karasha za kusaga mawe zilinguruma mpaka jikoni kwetu. Siku moja ulirudi mweupe kwa vumbi, ukaninyanyua kwa furaha, na mimi nikatoka mabaka mwili mzima, midomo ikavimba, kifua kikabana. Majirani walisema nimerogwa. Wewe ulinipandisha basi la Mwanza.

Daktari alisema nina ugonjwa wanaoufupisha MCAS, yaani chembe za ulinzi mwilini mwangu zinafyatuka ovyo hata pasipo adui. "Kama mbwa anayembwekea hata mwenye nyumba?" ukamuuliza. Akacheka, akakubali. Alinipa vidonge vya kila siku na sindano ya kuwa nayo karibu siku ya hatari, lakini akasema vidonge peke yake havitatosha, nyumba nzima itabidi ibadilike. Wengine wangeyaacha maneno hayo kwenye benchi la hospitali. Wewe ulikuja nayo nyumbani.

Kwa kuwa vyakula vilivyochacha na vilivyolala vilinichokoza, dagaa na maziwa ya mgando viliondoka. Nyumba ya Mkurya bila maziwa ya mgando, Tata! Wajomba waliaga mapema siku hizo. Mimi nilipikiwa cha siku hiyo hiyo, na kiporo kikawa chako peke yako. Jiko ulilihamishia nje kwa sababu ya moshi. Jua likiwa kali nilikaa kivulini, na hukuniita mvivu. Na kwa vile hofu nayo iliniamshia mabaka, wewe na mama mlikwenda kugombana nyuma ya zizi, mpaka mama akalalamika kwamba siku hizi hata ugomvi una safari. Nikianza kuhema ulikaa nami chini, tukavuta pumzi polepole pamoja, huku ukiimba vibaya, samahani, vibaya kabisa, na kifua kikaanza kulegea.

Lakini kubwa lilikuwa kuoga. Uliapa kwamba hutaingia ndani na vumbi la duara. Ulioga nyuma ya nyumba, ukabadili nguo, ndipo ukanishika. Hakuna aliyejali, mpaka siku mwamba wenye mali, yaani dhahabu, ulipoonekana. Wachimbaji wanajua mwiko: mali ikionekana hakuna kuoga hadi mawe yote yatoke, la sivyo unaiosha bahati ya wote. Marwa alikufuata hadi nyumbani.

"Mwita, weka chini hilo beseni! Unataka watoto wetu walale njaa?"

"Na wangu afe?"

"Si umlaze kwa bibi yake siku chache tu!"

"Ataniita usiku, Marwa. Dhahabu haina kifua cha kubana. Huyu anacho."

Ukajimwagia maji mbele yake. Mimi nilikuwa mlangoni nikitazama. Ulijua kabisa unachokitupa. Jioni ile walikutoa kwenye duara, na mama alilia bila kujificha.

Na mali walipata. Wengine walijenga Nyamisangura, mjini Tarime, nyumba za vigae. Sisi tulilima viazi vitamu mbali na karasha, ukavipeleka sokoni Tarime mwenyewe, na sikuwahi kukusikia ukilitaja lile duara.

Sasa mimi ni mwalimu. Vidonge bado nameza, sindano haitoki kwenye mkoba, na chakula changu napika mwenyewe kila siku, wenzangu wakinitania kwamba nina tumbo la kifalme. Zipo siku mbaya. Wiki iliyopita nilibanwa kifua darasani. Nikatoka nje, nikakaa chini, nikavuta pumzi kama ulivyonifundisha, nikafuata maagizo ya daktari, na baadaye nikarudi kumaliza somo. Nilijivunia nafsi yangu, Tata, kisha nikajikuta najivunia wewe, mpaka machozi yakanitoka mbele ya darasa la tano.

Walimu wenzangu hupenda kuhesabu baba zao walichowaachia: shamba, ng'ombe, kiwanja. Ikifika zamu yangu sinyamazi wala sioni haya. Nawaambia baba yangu alikuwa na dhahabu chini ya miguu yake, akaniangalia, akaoga.

Pumzika, Tata.

Binti yako,
Bhoke